Mbuzi wa Mume Wangu

Nilikuwa nimeshameza vipande viwili vya maini na cha tatu kiko mdomoni, wifi yangu alipokuja kuchutama mbele yangu. Ni dada wa mume wangu. Tulikuwa nyuma ya ofisi ya kata, upande wa uwanja wa mnada, akina mama wa kikundi chetu wote tumekaa kwenye turubai na sahani zetu. Mimi bado nimevaa koti la kiume la mitumba, na masharubu ya masizi usoni. Wifi akanitazama ninavyotafuna. Akasubiri mpaka nikameza.

"Asante, wifi," akasema. "Basi yameisha."

"Yapi?"

"Ya jicho. Si umeshakula mbuzi wetu?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani, alikuwa mtu wa utani siku zote. Nikamwambia, "Huyu mbuzi wa mradi. Amemnunua madamu."

"Madamu kanunua mchele. Mbuzi katoa kaka yangu, kamkabidhi mbele ya mnada mzima. Hukumwona? Alipita upande wako huu." Akanyoosha kidole kwenye jicho langu la kushoto, lile lililokufa.

Niligeuka kuwatazama wenzangu. Walikuwa wameacha kula. Nilingoja mmoja aseme wifi anaongopa, na hakuna aliyesema. Kilichofuata sikikumbuki sawasawa. Mama mmoja wa kikundi anasema nilitapika. Mwingine anasema nilimaliza sahani, nikanawa mikono, nikaenda zangu. Hawa wote walikuwepo na wote ni watu wakweli. Mimi ninachokumbuka ni mafuta yalivyoganda kwenye vidole, na koti lile lilivyokuwa linawasha shingoni.

Ninaandika kwa mkono wangu. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo mtanivumilia. Majina ya watu sitaandika, ila vyeo vyao nitavitaja, na kila mwenye cheo chake atajijua.

Nianze na jicho.

Kwetu, vijiji vya huku Ilongero, kukandika nyumba ni kazi ya mwanamke. Tukishavuna uwele na mtama, unachanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, unakandika tembe ndani na nje. Wengine wakimaliza wanaweka michoro kwa vidole, mistari na vidoadoa, udongo mwekundu, mweupe, na masizi ya chungu. Mvua ikija inafuta, mwaka unaofuata unachora mingine. Mimi tangu msichana nilikuwa naweka watu. Hakuna aliyenifundisha. Ng'ombe nilikuwa naweka, kuku, mtu anatwanga. Watu wakipita walikuwa wanasema yule mke wa fulani ana mkono.

Mwaka ule nilichora ukuta wa mbele, unaotazama njia ya kwenda mnadani. Nilichora mwanamke ana mzigo wa kuni kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi, na mbele yake mwanaume amelala chali, kibuyu cha pombe kimesimama juu ya tumbo. Sikukusudia mtu. Au nilikusudia, sijui. Kibuyu kilikuwa na mpini uliopinda, na cha mume wangu kilikuwa na mpini uliopinda, sasa unaweza kusema nilikusudia. Lakini mkono ukichora unachukua kile ambacho jicho limezoea kukiona.

Ilikuwa siku ya mnada. Watu wakipita wanasimama, wanacheka, wanamwita mwenye nyumba, "Bwana mkubwa, umeamka?" Saa saba mchana mume wangu alirudi kutoka kilabuni, akakuta watu wako mbele ya ukuta wake. Hakuuliza kitu. Alinipiga na fimbo ya kuchungia, moja tu. Akaingia ndani akalala, kama nilivyomchora.

Kaka yangu alinipeleka hospitali mjini. Enzi hizo ruksa ya biashara ndiyo imeingia, kila kitu kinauzwa, mitumba imejaa mnadani mpaka inazolewa kama pumba, watu wanafunga mashine zao za kukamua alizeti, na hospitali nao walikuwa wameanza kututaka tuchangie matibabu. Kaka hakujua. Ikabidi arudi nyumbani kwanza kutafuta cha kuchangia. Tuliporudi kwa daktari siku ya tatu alisema jicho limekwenda.

Nikabaki kwa kaka yangu. Binti yangu alibaki kwa baba yake, alikuwa na miaka minne. Huyu binti ndiye sababu ya maandishi haya yote, kwa hiyo msimsahau.

Maana kwetu kulikuwa na baraza la akina mama. Wanaume wana vikao vyao na sisi tulikuwa na chetu. Mwanaume akimwumiza mke kupita kiasi, au akatukana uzazi wa mama yake, akina mama wanaacha jembe na jiko, wanakwenda kukaa uani kwake. Hawampigi. Wanamcheza. Mmoja anavaa nguo zake na anafanya kile alichokifanya yeye, anakirudia na kukirudia, wengine wanaimba, watoto wanacheka, mpaka mwenyewe atoke aseme kwa mdomo wake, "Nilifanya hivi na hivi." Akishasema ndipo anatoa mbuzi. Yule mbuzi wanamla wanawake peke yao, na aliyeumizwa anakula kwanza. Akishameza, yamekwisha, hakuna wa kuyasema tena, awe yeye awe mume. Kabla hajameza ndipo akina mama wanatoa kauli yao. Kwa mtu aliyemtoboa mke jicho, kauli ilikuwa inajulikana: mtoto wa kike anaondoka na mama yake.

Nilikuwa nangojea hilo mpaka mvua zikaanza. Kiongozi wa akina mama, bibi mmoja mtu mzima ambaye mama yangu mwenyewe alikuwa akimwamkia, aliniambia nivumilie. "Sasa watu wanapalilia," alisema. "Tukishavuna, tutakwenda kukaa kwake. Mtoto wako utamchukua mchana kweupe."

Ndipo mradi ukaja.

Walikuja na gari jeupe, wakafikia kwa mtendaji wa kata. Mratibu wao alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam, msomi, sisi tulimwita madamu. Sitamsema kwa ubaya tu. Alikuwa anakaa chini na sisi, anakula mlenda, anauliza na kuandika. Yeye ndiye wa kwanza niliyemsikia akisema neno jinsia. Alikuwa anataka wanawake wa kuimba na kuigiza mnadani, watu wajifunze kutopiga wake zao. Mtendaji akamwambia, hawa wana mchezo wao tayari, wa zamani, utaupenda. Hivyo ndivyo alivyosema, mchezo. Yeye ni mtoto wa hapa hapa, mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wale wa kukaa uani. Alijua ni kitu gani.

Bibi kiongozi alikubali. Siku ile nilimwuliza mbele ya wenzangu, "Bibi, tutacheza bila mtu?"

"Mnacheza mwanaume yeyote."

"Yeyote ni nani?"

"Hakuna. Ni wa kufundishia tu. Ya kwako iko palepale, baada ya kuvuna."

Akanichagua mimi nimcheze mwanaume, kwa sababu ni mrefu na sauti yangu nzito. Koti nililichagua mwenyewe kwenye lundo la mitumba, jeusi, lina vifungo vya dhahabu vilivyobaki viwili. Madamu aliona michoro yangu kwenye ukuta wa kaka akanipa shuka jeupe na rangi za makopo, nichore la kutundika nyuma yetu. Nikachora ule ule ukuta wangu. Mwanaume chali, kibuyu tumboni. Madamu aliliangalia shuka lile muda mrefu, halafu akaniuliza jicho limefanya nini. Nikamwambia niliangukia kisiki. Hapo nilikosea mimi, nakubali. Lakini kesi ambayo haijakaliwa na akina mama haitolewi nje, nami nilikuwa nafuata utaratibu.

Siku ya mnada watu walijaa mbele yetu kama vile kuuza ng'ombe kumekatazwa. Nikatoka na koti langu. Nikayumba, nikatukana chakula, nikainua fimbo. Huwezi kuamini, nilikuwa nacheza vizuri. Mkono ulijua ile fimbo inavyoshuka. Wanawake walianza kupiga vigelegele, na kwenye watu nikaanza kusikia, "Ni nani? Ni nani huyo?" Maana watu wa kwetu hawakuwahi kuona akina mama wakicheza mwanaume asiyekuwepo. Madamu alikuwa amesema kwenye kipaza sauti huyu ni mwanaume yeyote, lakini nani alimsikiliza. Walikuwa wanatafutana kwa macho, mwenyewe yuko wapi. Wale waliokuwa wameuona ukuta wetu waliliona shuka wakajua.

Kumbe naye alijua. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na zizi la mnada, ana mbuzi wa kuuza. Nimesimuliwa baadaye alivyokuja. Hakwenda kwa bibi kiongozi. Hakusema neno hata moja la alichofanya. Alimpelekea madamu kamba ya mbuzi, akainamisha kichwa. Alipita kushoto kwangu. Miaka yote nimejiuliza kama alichagua upande ule. Yule mbuzi nilimjua tangu siku anazaliwa, mweupe, sikio moja limechanika, ningemwona ningelitambua lile sikio hata katikati ya mia. Sikumwona.

Madamu alifurahi karibu alie. Akachukua kipaza sauti akasema huyu ndiye mwanaume wa mfano, ameguswa na igizo, ametuletea zawadi. Hilo nililisikia, ila kwa kipaza sauti kile cha kukwaruza nilidhani zawadi ni ya mfanyabiashara mmoja wa alizeti aliyekuwa ameahidi. Akampa mume wangu fulana ya mradi na kofia. Wakapigwa picha, mimi nimeshapelekwa nyuma ya ofisi. Kwenye fulana palikuwa na maandishi ya kukataza kupiga wanawake, na aliivaa mpaka ikachanika mabegani. Alikuwa anachungia nayo.

Mbuzi akachinjwa. Wanaume wa ofisi wakala, dereva akala. Sahani ya kwanza, ya maini, ikaletwa kwangu, na aliyeagiza niletewe ni bibi kiongozi. Nauliza, na hili silielewi mpaka sasa: aliniletea kwa sababu nilikuwa mchezaji mkuu, au kwa sababu alijua mbuzi katoka wapi?

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta uwele wa akiba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa."

"Bibi, jana nimelishwa."

"Mbuzi alitoka kwake?"

"Wanasema."

"Ulikula kwanza?"

"Nilikula kwanza, lakini sikujua."

"Koo halijui kujua," akasema, huku anaendelea kupepeta.

"Hakusema, bibi. Hakusema alichofanya. Na wanaume walikula. Dereva alikula. Hilo ni baraza gani ambalo dereva anakula?"

Akaweka ungo chini. Alikuwa amevaa kanga mpya ya mradi, bado ina ile harufu ya dukani. Alikuwa pia amechaguliwa mwenyekiti wa kikundi wiki ile. Akasema, "Mwanangu, nikienda kukaa uani kwake sasa atasema alishatoa, na watu elfu waliona. Nitamjibu nini? Nitaaibisha akina mama wote."

"Uliniambia ni mchezo."

"Ulikuwa mchezo."

"Basi kama ulikuwa mchezo, kesi yangu ipo."

"Ulimeza," akasema. Hapo ndipo tulipoishia. Nikaenda kwa mtendaji. Mtendaji akacheka, akasema mambo ya mila yeye ni mtu wa serikali hayamhusu, tena mume wangu ni mfano wa kata, gazeti la mradi litamtoa. Nikaenda kumngoja madamu alipokuja mwezi uliofuata, nikamweleza yote, na la kisiki nikalirekebisha. Aligeuka rangi. Akanishika mikono.

"Lakini si ilikuwa igizo, dada yangu?"

"Kwenu."

"Mimi nilidhani ananipa zawadi. Ningejuaje?"

"Ungeuliza mbuzi ni wa nini. Kwetu mwanaume hatoi mbuzi bure kwa wanawake."

Alilia kweli. Halafu akafanya jambo ambalo sijui nimlaumu au nimshukuru: alinichukua nizunguke na mradi. Mtoto hakunipatia. Alisema sheria ya mtoto ni ndefu, tuanze na kilichopo. Kilichopo nilikuwa mimi.

Ndivyo nilivyokuwa msanii. Tulicheza Issuna, tukacheza Shelui kwenye maegesho ya malori, tukaenda mpaka Manyoni. Kila mahali nilisema kwanza kabla ya kuvaa koti: huyu ninayemcheza yupo, ni mume wangu, anaishi Ilongero, msimtafute hapa. Madamu hakupenda, alisema inaharibu igizo. Mimi nilikuwa naogopa kuletewa mbuzi mwingine. Shelui dereva mmoja wa lori alisimama katikati ya mchezo, mtu mzima na tumbo lake, akasema, "Mama, na mimi nilifanya hivyo," akaeleza mbele za watu alichomfanyia mkewe. Hakuwa na mbuzi. Alitaka kutoa madumu ya mafuta, nikamkatalia. Nilikaa baadaye nikafikiri, huyu mgeni kasema, asiyenihusu, na wangu hakusema.

Michoro nayo ikaanza kwenda. Madamu alipeleka mashuka yangu Dar es Salaam, yakatundikwa kwenye jumba la maonyesho, nami nikaitwa. Walikuwa wamebandika karatasi pembeni ya kila shuka, wameandika mambo yangu mengi ambayo sikuwaambia. Bwana mmoja mwenye miwani aliniuliza mbuzi niliyemchora ni ishara ya nini. Nikamwambia ni mbuzi, wa mume wangu, sikio limechanika. Watu wakapiga makofi. Sikuelewa wanashangilia nini. Mama mmoja aliniambia mimi ni mwanaharakati, akaniuliza nilianza lini mapambano. Nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

Siku moja kwenye ua wa jumba lile waliniomba nionyeshe kitu bila kikundi. Nilikaa kwenye kigoda na koti langu, sahani ya maini mapajani, nikaweka kipande mdomoni nikatafuna. Nikatafuna tu. Sikumeza. Saa nzima. Ukitafuna maini muda mrefu yanakuwa kama mchanga, mate yanajaa, koo linaanza kuvuta lenyewe na wewe unalikatalia. Wengine walilia, wengine walitoka nje kuvuta sigara. Msichana mmoja aliniletea maji, alidhani naumwa. Baadaye niliambiwa hiyo nayo ni sanaa, na nikaifanya tena miji mingine, mpaka meno ya nyuma yakaanza kulegea. Nilikuwa najifunza kutomeza. Nilijua nimechelewa, lakini mwili ulitaka.

Sasa nifike kwa binti.

Alikua kwa baba yake. Nilimwona kwa kuibia, shuleni, kisimani. Alipoolewa sikuitwa. Mwaka jana alikuja mwenyewe kwangu, mtu mzima, ana watoto wawili. Nilimkaribisha, tukala, tukaongea mambo ya mvua. Ukutani kwangu kuna shuka moja lililobaki. Alilitazama sana.

"Mama," akasema, "baba alituambia ulichukua mbuzi ukaniacha."

Nikamwambia haikuwa hivyo.

"Shangazi naye alisema. Alisema alikuona ukimeza."

"Alisubiri mpaka nikameza, ndiyo."

"Sasa haikuwa hivyo vipi?"

Nikaanza kumweleza kama nilivyowaeleza ninyi, mradi, mchezo, kipaza sauti, upande wa jicho. Nilijisikia nikieleza na nikajua haiingii. Alikuwa ananisikiliza kama mtu anayesikiliza mganga. Akamaliza chai yake. "Mama, kila mtu niliyemwuliza aliona mbuzi na aliona umekula. Wewe peke yako ndiye unayesema kulikuwa na mchezo." Hakusema kwa hasira. Aliondoka kwa adabu zote, akaniaga, akasema atakuja tena. Hajaja.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi.

Bibi kiongozi, bado upo hai, kichwa chako bado kizima, nimeuliza. Mtendaji wa wakati ule, umestaafu, unakaa mjini na mashine yako ya alizeti. Madamu, nasikia sasa unafundisha chuo, na kwamba unawafundisha wanafunzi wako juu ya yale maini. Mume wangu sikuiti. Yeye ninajua alichofanya, naye anajua. Ninyi watatu ndio sijui mlifanya nini.

Nendeni kwa binti yangu. Nyumba yake mtaonyeshwa Ilongero, mkiuliza tu. Kaeni uani kwake, mseme kwa midomo yenu, akiwa anasikia: siku ile mnadani ulikuwa mchezo au lilikuwa baraza? Kama ulikuwa mchezo, basi kesi yangu haijawahi kukaliwa, na mtoto alizuiwa bila kauli ya mtu yeyote, mmwambie hivyo. Kama lilikuwa baraza, mmwambie baba yake alisema maneno gani kabla ya kutoa kamba, na nani aliyasikia. Mchague moja. Mimi nimechoka kuyabeba yote mawili.